Pampu ya Karavani Kuukuu: Usianze na Spana

Pampu ya maji ya karavani yangu, ile nyumba ya kuvutwa na gari, ilikata roho asubuhi moja nikiwa na sabuni mikononi. Nilifungua koki, ikanguruma mara moja, ikanyamaza. Kila niliyemweleza alinipa jibu lilelile: ng'oa, weka mpya. Mwishowe niliweka mpya kweli, lakini ushauri huo siupendi, maana unawatia watu hasara.

Pampu hizi za volti 12 hazina mambo mengi. Mota inachezesha diaframu, yaani kiwambo cha mpira, vali ndogo zinayapitisha maji upande mmoja tu, na swichi ya presha inaikata mota ukifunga koki na kuiwasha tena presha ikishuka. Kwa hiyo tatizo mara nyingi liko nje ya pampu. Kuna kutu kwenye waya wa hasi, au chujio limeziba, au mpira unaovuta maji kutoka kwenye tangi umepata ufa. Ufa huo ndio msumbufu kuliko yote kwa sababu haudondoshi hata tone: unaingiza hewa. Pampu inazunguka, maji hayaji, na mwenye karavani anaapa kwamba pampu imekufa. Pima umeme kwenye nyaya za pampu yenyewe wakati inazunguka. Ukipata volti 12.6 kwenye betri na 10 kwenye pampu, hata hiyo mpya itachechemea vilevile.

Yangu ilikuwa imekufa kweli. Diaframu ilichanika, maji yakapenya hadi kwenye mota.

Basi nikafunga mpya, nikalala nikiwa na furaha. Usiku, koki zote zimefungwa, nikaisikia: trrr. Kimya. Baada ya dakika chache, trrr tena. Nilikasirika, nikawa tayari kuirudisha dukani. Kulipokucha nikachukua karatasi laini, nikapapasa kiungo kimoja baada ya kingine. Chini ya sinki, kwenye nati ya shaba, karatasi ikapata doa dogo kama punje ya dengu. Nikabonyeza ubao wa sakafu chini yake. Kidole kikazama kama kwenye sifongo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Karavani nyingi za zamani zilitoka kiwandani na pampu ya mkono, au tangi lililosukumwa na hewa, au pampu ya umeme isiyo na nguvu nyingi. Pampu nyingi za siku hizi hazikati mpaka presha ifike psi (kipimo cha presha) 45 au 55. Unaipeleka presha hiyo kwenye viungo vilivyozeeka, halafu unashangaa vikilia. Pampu inayojiwasha yenyewe usiku isikilize, inakuambia kuna mahali panavuja. (Isipokuwa vali yake yenyewe ndiyo inayorudisha maji kwenye tangi, hilo nalo lipo.)

Kuhusu kufunga, nina msimamo kwenye mambo machache. Chujio kabla ya pampu ni lazima, kwani tangi la zamani huwa na vumbi la plastiki tangu lilipotobolewa, na chembe moja kwenye vali inatosha kuharibu kazi yote. Tumia mpira laini pande zote mbili. Bomba gumu hupeleka mtetemo kwenye kuta na karavani nzima ikavuma. Skrubu za miguu ya pampu usizikaze hadi raba zikalala bapa. Nati za plastiki zenye washa (pete ya kuziba ndani yake) kaza kwa mkono, bila tepu. Fyuzi iwe ya kiwango kilichoandikwa kwenye pampu, isizidi.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba aliyenitangulia aliificha pampu nyuma ya ubao uliopigiliwa misumari. Nilichukua nusu siku kuifikia. Sasa nimekata mlango mdogo wenye bawaba mbili chini ya kitanda, na kila kabla ya safari naufungua, namulika tochi, naliona chujio na kugusa kila kiungo kwa kidole kikavu.