Nozeli Kwenye Supu

Mzee mmoja mwenye grosari kule Ngaramtoni alitushushia gereji, hapa Unga Limited, Arusha, Toyota IST inayotetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Asubuhi kwenye baridi linamisi, ukilikanyagia mafuta linavutavuta, na taa ya injini inapepesa. Alikuwa keshauziwa plagi nne na koili moja, ile inayoipa plagi umeme, na kila aliyemuuzia alimwambia, "Sasa litatulia, mzee wangu."

Nikachomeka mashine ya kusoma makosa, ikaandika P0302. Hiyo maana yake silinda namba mbili haichomi. Kwa nini haichomi, mashine haisemi, na hapo ndipo watu wanapouziwa koili. Koili ya silinda ya mbili nikaihamishia ya tatu, nikafuta kosa, nikawasha: bado P0302. Koili haina kesi. Injini ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, nikawa nachomoa soketi za nozeli, zile zinazopulizia silinda petroli, moja moja. Ukichomoa ya kwanza, ya tatu au ya nne, injini inayumba. Ukichomoa ya pili, wala haina habari. Nikaipima nozeli hiyo ukinzani wa umeme, mita ikasoma om 14, sawa kabisa kwa injini hii. Bisibisi ndefu sikioni, ncha juu ya nozeli: tik tik tik, kama wenzake. Kwa hiyo umeme unafika, nozeli inafunguka, ila petroli haipiti ya kutosha.

Nikachomoa soketi ya pampu chini ya siti ya nyuma, nikaacha injini iwake mpaka ijizimie yenyewe. Usiruke hatua hii: bomba lile lina presha ya bar tatu na kitu, ukifungua kichwa kichwa unaoga petroli juu ya injini ya moto. Kisha nikabadilishana nozeli ya pili na ya nne. Kosa likahama, likawa P0304. Ubishi ukaisha.

"Sasa mnaioshaje?" mzee akauliza.

"Kuna mashine, mzee. Inasafisha kwa mawimbi ya sauti."

"Sauti kubwa?"

Kijana wetu wa spana, ambaye hajawahi kuacha swali lipite, akadakia: "Kubwa balaa, babu!"

Mzee akauliza bei ya kuosha zote nne. Nilipomtajia, akanyamaza, kisha akaomba apewe nozeli zake, kuna mahali ataoshewa nafuu. Mali ni yake. Nikazibandika utepe wenye namba, nikazitia kwenye bahasha ya kaki, mashimo ya injini nikayaziba na vitambaa safi, gari likabaki.

Mahali penyewe palikuwa grosari kwake. Alichukua bakuli, maji na sabuni ya unga, akazitumbukiza nozeli, akaliweka bakuli juu ya spika kubwa ya besi, akamwagiza kijana wa kaunta apige singeli mpaka asubuhi. Sabuni ya unga, hebu fikiria! Ingawa afadhali hiyo kuliko petroli, kwa sababu spika ile imepakana na jiko la mkaa, na juu ya jiko hulala sufuria la supu ya mbuzi.

Ile mashine yetu hutikisa maji ya dawa karibu mara 40,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu linaishia kama 20,000, kwa hiyo ikifanya kazi unasikia mvumo tu. Mtikisiko huo huzaa vipovu vidogo mno vinavyopasuka kwenye tundu la nozeli na kubandua utando ulioganda, huku nozeli ikipigiwa umeme ifunguke na kufunga. Besi ya singeli haifiki hata mara 200. Haibandui kitu. Inachoweza ni kutembeza bakuli.

Alfajiri dereva mmoja wa lori akaagiza supu. Akakuta mfupa mgumu wenye tundu, akaunyonya. Hautoi uboho. Akaugonga mezani, akanyonya tena, mwisho akaita: "We dogo, huyu mbuzi alikuwa na soketi?"

Mzee akaniletea tatu kwenye bahasha na moja kwenye kikombe. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Usiulize."

Utepe ulikuwa umebanduka wote, hakuna anayejua ipi ni ipi. Nikazifunga kwenye mashine ya kupima ujazo, zote zipige kwa sekunde 15. Mbili zilitoa sentimita za ujazo 40 na ushee. Moja ikatoa 28, tena kwa mchirizi badala ya ukungu. Huyo ndiye mgonjwa wetu. Ya supu haikutoa hata tone. Juu ya kila nozeli kuna kichujio kidogo, na cha hii kilikuwa kimeganda mafuta ya mbuzi, meupe pe.

Nikang'oa vichujio vyote nikaweka vipya, nikaziosha, nikazipuliza na upepo mkavu haraka, maana maji ya sabuni yakilala ndani sindano inashika kutu. Pima tena: zote kati ya 39 na 42. Oringi mpya, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji, nikazipaka petroli kidogo, grisi hapana. Ukishaiketisha nozeli izungushe kwa vidole. Ikigoma, oringi imejikunja, itavuja. Nikarudisha soketi ya pampu, nikapiga starta kidogo, nikazima, nikamulika tochi kila kiungo: pakavu. Nikawasha, injini ikatulia sailensi.

Mzee akahesabu hela yangu, kisha akachomoa elfu tatu akazirudisha mfukoni.

"Hizo za nini tena, mzee wangu?"

"Bakuli la supu nililomrudishia yule dereva. Habari ya sauti si mliileta ninyi?"