Mtoto wa miaka tisa si mkalimani wa mama yake

Wiki iliyopita nilikuwa kliniki moja ya vijijini hapa Nebraska, Marekani, nimemsindikiza mama wa Kikongo ninayemtafsiria Kiswahili. Mbele yetu mapokezi alisimama mama mwingine, Mmeksiko, kichanga kifuani, na mwanawe wa kiume wa miaka kama tisa ubavuni. Akapewa dodoso la sonona kwa Kiingereza, kalamu imefungwa kwa uzi. Mhudumu akamwambia mtoto amsaidie mama.

Kihispania changu ni cha kuokoteza kazini, lakini nilielewa alichosema mtoto. Alimuuliza mama yake kuhusu usingizi, kulia, hofu. Mama akajibu kwa kunong'ona, mtoto akaweka alama. Alipofika swali la kumi, lile la kuwaza kujidhuru, alinyamaza. Akalisoma tena peke yake, midomo ikicheza. Kisha akaweka alama kwenye "kamwe". Mama yake hakuulizwa neno.

Dodoso hilo, liitwalo la Edinburgh, la kupima sonona kwa mama aliyejifungua, lipo tangu 1987. Ni maswali kumi tu, na nakala za Kihispania zipo, kuzichapa ni kazi ya dakika moja. Swali la kumi lina uzito wake peke yake: hata jumla ya alama ikiwa ndogo, jibu la ndiyo hapo linamtaka daktari azungumze na mama kabla hajaondoka. Sasa jibu hilo liliandikwa na mtoto aliyeogopa kulitamka.

Na hata angeuliza, mama gani atamwambia mwanawe kwamba kuna usiku anatamani asiamke? Atasema hapana, amlinde. Akiwa na mtu mzima mwenye lugha yake pengine hatataja sonona hata hapo. Atasema ana *nervios*, moyo unamwenda mbio, kichwa hakitulii. Mkalimani anayejua kazi anasikia hapo pa kuuliza zaidi. Kwao pia kuna arobaini, *cuarentena*, mzazi akilishwa na kupumzishwa na mama yake na dada zake. Lakini katika mji huu wa kiwanda cha nyama bibi yuko Meksiko, baba yuko zamu ya usiku, na arobaini hiyo mama anaimaliza peke yake na kichanga.

Nakubali kwamba kliniki za vijijini zimeelemewa, na mkalimani wa ana kwa ana huenda yuko mwendo wa saa mbili. Ila simu ipo mezani, na mkalimani anaweza kupigiwa. Kanuni za afya za Marekani zinakataza kumtumia mtoto kama mkalimani isipokuwa kwa dharura, na kliniki ya kichanga iliyopangwa tangu mwezi jana si dharura. Tena hata lugha yenyewe iulizwe kwanza: wapo akina mama kutoka Guatemala wanaoandikwa "Kihispania" ilhali lugha yao ni Kimam, lugha ya wenyeji wa huko.

Nilimfuata nesi nikamweleza nilichokiona. Alibadilika uso, akamwita mama ndani na kumpigia mkalimani, mtoto akabaki nje na penseli za rangi. Namshukuru. Lakini nilikuwapo kwa bahati tu, na kesho sitakuwapo.

Tukiwa garini yule mama wa Kikongo akaniuliza mtoto alikuwa anasoma nini. Nikamwambia. Akakaa kimya mpaka tulipofika barabara kuu.

"Sasa yule mtoto, dada, leo usiku atalala?"