Acheni kuzivika kuta sponji nyembamba

Nimeonyeshwa tena picha za chumba kipya cha sinema kilichojengwa chini ya nyumba. Projekta ya maana, spika kila upande, viti vya kuegemea, na kuta zote nne, toka sakafuni hadi darini, zimebandikwa sponji nyeusi zenye vipiramidi, unene sentimita 2.5. Watu wanapongeza: akustika, yaani jinsi sauti inavyosikika chumbani, imekamilika. Haijakamilika. Chumba kimeharibiwa, na nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu mwenye nyumba alitoa fedha yake kwa nia njema na waliomshauri walipaswa kujua.

Kesi yote iko kwenye urefu wa wimbi, yaani umbali toka kilele kimoja cha wimbi la sauti hadi kinachofuata. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Sauti ya hezi 3,400, yaani mitikisiko 3,400 kwa sekunde, ina wimbi la sentimita 10 hivi. Ya hezi 100 ina wimbi la mita 3.4. Ya hezi 30, ile ngurumo unayoisikia kifuani, inapita mita 11. Sponji, pamba na pazia zito hunyonya sauti kwa njia moja tu: hewa inatikisika ndani ya vitundu vyake, inasuguana navyo, nguvu inageuka joto. Lakini hewa iliyobanana na ukuta mgumu karibu haitikisiki kabisa. Mwendo wake mkubwa uko robo ya wimbi kutoka ukutani. Robo ya wimbi la hezi 100 ni sentimita 86. Sponji ya sentimita 2.5 itaifikia vipi?

Haiifikii. Inachokula ni sauti nyembamba tu, na ukiibandika kila mahali inazila zote. Makali ya "s" na "t" yanafifia, mng'ao wa ala unakufa, huku besi, ile sauti nzito, ikiendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichofanyika. Maneno ya waigizaji yanazama ndani ya mvumo. Mwenye chumba anaongeza sauti, mvumo nao unaongezeka. Kisha anaambiwa spika ya katikati ni mbovu, ananunua nyingine. Nimeuona mfuatano huu mara nyingi mno, na kila mara kilichohitaji kushughulikiwa ni chumba chenyewe.

Vyumba vya chini ya ardhi vina tabu zaidi. Kuta za huko ni zege lenye udongo nyuma yake. Ukuta mwepesi wa orofa ya juu hutikisika kidogo na kuiachia besi ipungue. Zege halitikisiki, linairudisha karibu yote. Kujua chumba kitanguruma kwenye sauti ipi, chukua 343, gawa kwa mara mbili ya urefu wa chumba kwa mita. Chumba cha mita 6 kitanguruma kwenye hezi 29 hivi. Upana wa mita 4 unakupa hezi 43. Na anayeketi katikati kabisa ya urefu wa chumba, mahali ambapo wengi huweka kiti cha heshima, karibu hataisikia hiyo hezi 29, wakati aliyeegemea ukuta wa nyuma inamlemea. Filamu moja, sabufa (spika ya besi) moja, watu wawili wanasikia vitu viwili.

Nakubali, marekebisho ya kielektroniki ndani ya risiva, kifaa kinachoziendesha spika, husaidia pale besi ilipozidi. Pale ilipopotea hayasaidii: ukiongeza nguvu, wimbi linalokwenda na linalorudi yote yanakua, na yanaendelea kufutana palepale. Nakubali pia kwamba sponji huondoa ule mlio wa kugongana kati ya kuta mbili zinazotazamana. Kwa hilo vipande vichache vinatosha.

Ndiyo maana nawasihi wanaojenga: hili liamueni kabla jipsamu haijafungwa. Fremu zikiwa wazi, pembe za chumba ni zenu. Humo ndimo besi hujikusanya, na humo ndimo unaweza kujaza pamba ya mwamba kwa unene wa sentimita 30 au zaidi, sakafu hadi dari, ukaifunika kwa kitambaa kinachopitisha hewa badala ya ubao. Ukuta wa nyuma ya skrini vilevile. Hutapoteza nafasi ambayo ungeijutia, na hakuna atakayejua kuna kitu pale. (Unyevu wa zege umalizwe kwanza, pamba iliyolowa ni nyumba ya kuvu.) Mkishafunga ubao na kupaka rangi, nafasi hiyo haipo tena, na hapo ndipo watu hukimbilia sponji.

Mwaka 1895 mwanafizikia Wallace Sabine alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambao maneno hayakusikika kwa mrindimo. Usiku baada ya usiku alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga, akapima kwa saa sekunde ambazo sauti ilichukua kufa. Leo maikrofoni ya kupimia na programu ya bure vinafanya kazi hiyo mchana mmoja, na bado watu wananunua vifaa vya ukutani kwa kutazama picha.

Kuhusu kuzuia sauti isipande orofani: sponji haizuii. Huko kunatakiwa uzito, nyufa zilizozibwa, na dari isiyoshikana moja kwa moja na mihimili.

Na moto. Mwaka 2003, katika klabu ya The Station huko Rhode Island, Marekani, cheche za fataki zilishika sponji ya polyurethane iliyobandikwa ukutani kupunguza kelele. Watu 100 walikufa. Chumba cha chini ya nyumba mara nyingi kina ngazi moja tu ya kutokea. Msibandike kitu ambacho hamjaona cheti chake cha moto.

Aliyekwisha kufunga kuta aanze na pembe mbili za mbele, paneli nene sakafu hadi dari, kisha apime. Baada ya hapo aketi kitini, mwenzake apitishe kioo kwenye kuta za pembeni. Anapoiona spika ndani ya kioo, hapo aweke paneli ya sentimita 10 iliyoachana na ukuta kidogo. Sehemu zilizobaki za ukuta aziache wazi mpaka vipimo vidai vingine.