John Wick na hofu inayomtangulia

Mashabiki wa filamu ya John Wick, iliyotoka mwaka 2014, hupenda kubishana ni pambano lipi kali kuliko yote, na wengi huishia kulitaja lile la klabu ya usiku. Kwa maoni yangu, umaridadi wa filamu hii umeshakamilika kabla John, muuaji wa kukodiwa aliyestaafu, hajafyatua hata risasi moja.

Tazama simu ambayo Viggo Tarasov, mkuu wa genge la Warusi jijini New York, anampigia mwenye gereji aliyethubutu kumpiga ngumi mwanawe. Anauliza sababu kwa upole, naye anajibiwa kwamba kijana ameiba gari la John Wick na kumuua mbwa wake. Viggo anaguna mara moja tu, anakata simu, na usoni pake tunasoma kwamba mwanawe ni marehemu anayetembea. Baadaye, baba anapomweleza kijana ni nani aliyemchokoza, tunahamishiwa nyumbani kwa John, anayevunja sakafu ya zege kwa nyundo ili afukue silaha na sarafu za dhahabu alizozika alipostaafu. Simulizi na mapigo ya nyundo vinapokezana mpaka unaanza kuwahurumia watakaotumwa kumwendea.

Mapigano nayo yana haki yake. Mwongozaji Chad Stahelski aliwahi kucheza matukio ya hatari badala ya Keanu Reeves, anayemwigiza John, katika filamu ya The Matrix, hivyo alijua mwili wa mwigizaji wake unaweza nini: kamera inasimama mbali kidogo, picha hazikatwikatwi ovyo, na tunamwona Reeves akikaba, akiangusha, tena akibadilisha magazini risasi zinapokwisha, usumbufu ambao stelingi wengi husamehewa.

Wapo wanaocheka kwamba vita yote hii ni ya mbwa. Mbwa huyo aliletwa baada ya mazishi ya Helen, mke wa John, ambaye alimwandaa akiwa mgonjwa ili mumewe asiomboleze peke yake. Sioni udogo wa sababu hiyo. Filamu zilizofuata zina maiti nyingi zaidi, lakini kisasi kimemezwa na kanuni za wakubwa wa wauaji, na uchungu umepungua.

Kipande ninachokipenda kupita vyote ni cha polisi Jimmy, anayefika mlangoni usiku kwa malalamiko ya kelele, anaichungulia maiti iliyolala ndani, anamuuliza John kama amerudi kazini, kisha anamtakia usiku mwema na kwenda zake.