Mbona filamu ya kwenye ndege wanaikata?
Kuna makala nimeisoma inasema mtengenezaji filamu akitoa toleo la familia la sinema ya watu wazima anaiua kazi yake mwenyewe. Sikubaliani kabisa. Matoleo hayo yapo miaka nenda rudi, ndiyo yanayoonyeshwa kwenye ndege na televisheni, matusi yamefunikwa na ya chumbani yamerukwa. Mwaka 2017 kampuni ya filamu ya Sony walipotaka kumpa mtazamaji wa nyumbani matoleo hayo hayo ya filamu 24, bila kumwongezea bei aliyenunua ile kamili, chama cha waongozaji wa Marekani kilipinga, na Sony wakarudi nyuma: mwongozaji asiyetaka, filamu yake iondolewe. Kwamba mwongozaji aombwe ridhaa kwanza ni haki yake, hilo naliheshimu. Lakini akiombwa afikirie, asikatae tu. Filamu ya The King's Speech ilipewa Marekani daraja la R (chini ya miaka 17 aingie na mtu mzima) kwa sababu ya matusi anayotoa mfalme akipambana na kigugumizi. Mwaka 2011 baadhi yakanyamazishwa, ikashuka hadi PG-13 (mzazi awe mwangalifu kwa walio chini ya miaka 13), na hadithi ikabaki ile ile. Mimi nimesafiri na mwanangu wa miaka saba kwenye basi la mkoani, skrini pale mbele watu wanachinjana, nikamfunika uso kwa kanga kutoka Chalinze hadi Korogwe. Konda akaniambia flashi aliyonayo ni hiyo moja. Toleo la familia lingekuwepo, si angeliweka? Wazazi wenzangu, nyinyi mnafanyaje safarini?