Changamwe haikuzimwa kwa kukosa mafuta ghafi

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilifanya kazi tangu 1963 hadi 2013, na kila shehena iliacha machicha: mafuta mazito meusi, ya kuchoma kwenye matanuri, meli na mitambo ya umeme. Petroli ndiyo iliyotafutwa. Kiwanda kilichemsha na kutenganisha. Mtambo wa kuvunja molekuli kubwa za machicha hayo ziwe ndogo za petroli hakikuwa nao.

Kuvunja ndiko kunakogeuza hesabu. Chukua molekuli yenye kaboni 30. Kwenye joto la nyuzi 500 hivi, ikigusana na kichocheo, kitu kinachoharakisha mkatiko huo, yaweza kukatika ikatoa kipande cha kaboni 14 kinachofaa dizeli na viwili vya kaboni 8 vinavyofaa petroli. Kaboni ya molekuli nyingine hunata kwenye kichocheo kama masizi ya sufuria. Huchomwa, na moto huohuo ndio unaoendesha kazi.

Ila mtambo huo ni ghali. Kampuni ya Essar ya India iliingia Changamwe mwaka 2009, ikaja na mpango wa maboresho ya zaidi ya dola bilioni 1, na 2013 ikasema hayalipi. Sioni kosa katika hesabu yake: meli ya petroli iliyokwisha kusafishwa kwingine ilitia nanga palepale mlangoni.

Sasa ni zamu ya Hoima, Uganda. Machi 2025 Uganda ilitia saini na Alpha MBM ya Falme za Kiarabu kujenga kiwanda cha mapipa 60,000 kwa siku. Wanaopinga hutaja kiwanda cha Dangote cha Lekki, Nigeria, chenye uwezo wa mapipa 650,000: mdogo atashindanaje na huyo? Tena bodaboda za umeme zimeshaanza kuonekana Kampala, na deni la mtambo hulipwa kwa miaka mingi.

Hoja nzito, lakini Hoima si Changamwe. Iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini, kwa hiyo petroli ya kuagizwa hufika imebeba nauli. Halafu mafuta ghafi ya Uganda yenyewe yana nta nyingi na salfa kidogo; huganda kama mafuta ya nazi asubuhi ya baridi, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, lazima lipashwe joto njia nzima. Nta hiyo, kero bombani, ni minyororo mirefu ambayo mtambo wa kuvunja huipenda.

Mimi naegemea kujenga, kwa sharti moja: mtambo wa kuvunja uwemo tangu siku ya kwanza, usiachiwe "awamu ya pili". Changamwe iliisubiri awamu hiyo mpaka ikazimwa.