Baridi yabisi: ni ya ukoo au ni sigara?

Alfajiri, mama anashindwa kufungua chupa ya chai. Vidole vimevimba, vimekaza, na itapita saa nzima au zaidi kabla havijalegea. Nyumbani hukumu hutoka upesi. Huyu anasema ni ya ukoo, hata bibi alikuwa nayo. Yule analaumu maji baridi, maana jina lenyewe ni baridi yabisi. Kumbe ni kinga ya mwili inayoshambulia viungo vyake yenyewe. Sigara haitajwi kabisa.

Wanaosema ni ya ukoo wana hoja. Baadhi ya aina za jeni iitwayo HLA-DRB1, inayoisaidia kinga kutambua kipi cha mwili na kipi kigeni, huongeza hatari. Lakini watazame mapacha wa kufanana, waliorithi jeni zilezile. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1993 ulikuta kwamba pacha mmoja akiugua, mwenzake naye huugua katika takriban asilimia 15 tu ya jozi hizo.

Sigara nayo huanzia mbali na vidole: mapafuni. Moshi huyachokoza, protini za mwili hubadilika umbo, na kinga ya mwenye jeni zile huziona kama adui. Hutengeneza kingamwili, yaani protini za kumshambulia adui huyo, mara nyingine miaka kadhaa kabla ya kiungo cha kwanza kuuma. Mwaka 2006 nchini Uswidi, mtafiti Lars Klareskog na wenzake walikuta kwamba mvutaji aliyerithi jeni hizo kwa baba na kwa mama ana hatari mara 21 ya kupata ugonjwa wenye kingamwili hizo, kuliko asiyevuta wala kuzirithi.

Hata hivyo, siafiki kuugeuza ugonjwa huu kuwa adhabu ya wavutaji. Wagonjwa wengi ni wanawake, na wengi wa wanawake wa kwetu hawajawahi kushika sigara. Iko pia aina isiyo na kingamwili hizo, ambayo uhusiano wake na sigara ni hafifu. Kumuuliza mama yule kama alikuwa anavuta ni kumwongezea maumivu.

Wa kuulizwa ni mwanawe anayevuta barazani. Jeni hana la kuzifanya. Sigara anaweza kuiacha, na aiache mapema, kwani hatari hushuka polepole, kwa miaka mingi. Na vidole vyake vikianza kukaza asubuhi, asingoje kipupwe kipite ndipo aende hospitali.